Namna ya kutumia neno "vague" la Kiingereza, kwa sisi tuliosomea kwa Kifaransa

Kwenye masomo ya Kiingereza ninayotoa jioni hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, Kongo, kuna neno moja ambalo sikubali mwanafunzi aondoke bila kulijua vizuri: "vague". Wanafunzi wangu ni akina mama wanaoleta unga na mayai kutoka Zambia, mashofere wa kamyo, na vijana wa biro za dwani, yaani forodha, wale tunaowaita madeklaran, wanaoandaa hati za mizigo na kushinda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Muuzaji wao wa Kitwe au Ndola anaandika kwa Kiingereza. Faktura iko kwa Kiingereza. Siku mzigo ukichelewa, maelezo nayo yanakuja kwa Kiingereza. Nimewaona watu wakisoma barua ya mistari minne, kila neno wanalifahamu, halafu wanainua macho na kuniuliza: "Mwalimu, huyu anasema nini?" Wamesoma sawasawa. Barua yenyewe ndiyo haina kitu cha kushika, na wao hawana neno la kumwambia mwandishi hivyo kwa adabu ili ajaze kilichokosekana.

Neno hilo lipo, na wengi wetu tunadhani tunalijua kwa sababu tumelikuta shuleni kwa Kifaransa. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa hiyo nitagusa pia mitego ya Kifaransa njiani.

Litamke kwanza

Kwa Kifaransa tunasema "vag". Kwa Kiingereza ni "veig": sema "vei", kisha funga kwa "g" ngumu kama ya "gari". Herufi "ue" za mwisho hazisikiki hata kidogo. Ni mwisho uleule wa "plague", yaani tauni, linalotamkwa "pleig", na wa "league", yaani ligi, linalotamkwa "liig". Usiipeleke kanuni hii kwenye "argue", kubishana. Lile husemwa "agyu". Kutoka "vague" unapata "vaguely", yaani "veigli", na nomino yake "vagueness". Ukilinganisha, sema "vaguer" na "vaguest". "More vague" pia husikika na hakuna atakayekukosoa.

Nasisitiza matamshi mapema kwa sababu biashara nyingi za watu wetu zinafanyika kwa simu. Ukisema "vag" kwa Mzambia, anaweza asikie neno jingine kabisa, na hoja yako ikapotea.

Maana yake

Asili yake ni Kilatini, "vagus", mwenye kutangatanga. "Vagabond" na "vagrant", maneno ya mtu asiye na makao, yanatoka huko. Hata madaktari wana neva iitwayo vagus, ya kumi kati ya neva zinazotoka kwenye ubongo. Ilipewa jina hilo kwa sababu inatangatanga kutoka kichwani, kupitia shingo na kifua, hadi tumboni. Asili hii inasaidia kukumbuka.

Jambo huwa "vague" linapokosa maelezo ya kutosha kulitendea kazi. Uliza lini, ngapi, nani, wapi. Ukikosa jibu la swali ambalo ulihitaji jibu lake, maneno hayo ni "vague". "A vague promise" ni ahadi isiyo na siku wala kiasi. "A vague answer" ni jibu linalopita juu juu. "Vague instructions" ni maagizo ambayo shofere akiyasoma bado hajui ageukie wapi.

Mtu naye anaweza kuitwa hivyo, na hapa kihusishi chake ni "about": "He was vague about the price", yaani alipoulizwa bei hakuinyoosha. Ukizungumzia barua au mkataba, utasikia pia "on": "The contract is vague on insurance." Vyote viwili vinakubalika. Usiseme "vague of".

Halafu kuna umbo na kumbukumbu. Wakati wa kiangazi, vumbi likitanda barabarani, unaona mbele "a vague shape": unajua kuna kitu kikubwa, hujui ni kamyo au basi. Unaweza kuwa na "a vague memory" ya mtu uliyekutana naye zamani, au uso wake ukawa "vaguely familiar", unaufananisha bila kumpata jina. Na msemo mmoja unaopendwa sana: "I haven't the vaguest idea", sijui hata kidogo. Ukitumia msemo huo, sema kwa upole; kwa mkubwa wako unaweza kusikika kama unamkatisha.

Pacha wa Kifaransa

Kifaransa kina maneno matatu yanayoandikwa sawa kabisa, na asili zake ni tofauti. Kivumishi "vague", kisicho wazi, kinatoka kwenye ile "vagus" ya Kilatini, na ndicho Waingereza walichokichukua. Lakini "la vague", wimbi la maji, limetoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia. Na "vague" ya "terrain vague", kile kiwanja kitupu kisichojengwa, imetoka neno jingine la Kilatini, "vacuus", yaani tupu. Kiingereza kimechukua la kwanza tu.

Kwa hiyo mawimbi ya ziwa ni "waves", na wimbi la joto ni "heat wave". Kiwanja kitupu unachotaka kuuza huko komini ya Annexe ni "a vacant plot". Ukiandika "a vague plot", Mwingereza ataelewa hila isiyoeleweka, au kisa cha hadithi kisichoshikika, na kiwanja chako hakitapata mnunuzi.

Mtego mwingine ni "flou". Kwa Kifaransa picha ni "flou" na maelezo ni "flou", neno moja linatosha. Kiingereza kinagawa: picha ni "blurry" au "blurred", maelezo ni "vague". Kila juma kuna deklaran anayeletewa kwa WhatsApp picha ya hati ambayo namba yake haisomeki. Aandike: "The photo is blurry, I cannot read the number." Akiandika "the photo is vague" ataeleweka kwa kubahatisha, na ofisini wataona kwamba Kiingereza chake kinachechemea.

Vilevile "eau trouble", maji machafu yenye tope, kama ya mto Lubumbashi mvua zikishanyesha, ni "murky water". "Troubled" ni mtu mwenye wasiwasi. "Murky" lina na maana ya pili inayofaa kujua: "a murky business" ni shughuli inayonuka udanganyifu. Usiliandike kwenye barua kwa mshirika wako kama huna ushahidi.

Ndugu yake mkubwa: "ambiguous"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hasara kubwa inapotokea.

"Vague" ni upungufu wa maana. "Ambiguous" ni wingi wake: sentensi moja, maana mbili au zaidi, kila moja iko wazi peke yake. Tamka "ambigyuas", ukikaza sauti kwenye "bi". Nomino yake ni "ambiguity".

Sisi wa Lubumbashi tuna mfano wetu ambao hakuna kitabu kitakachokupa. Mtu wa hapa akimwambia mgeni "I live in Kenya", amesema ukweli mtupu, kwa maana anakaa komini ya Kenya. Mgeni naye ameelewa Nairobi. Sentensi hiyo si "vague" hata kidogo. Ina jina kamili la mahali. Ni "ambiguous", kwa sababu jina hilo lina wenyewe wawili. Sasa linganisha na "I live near the market". Soko lipi, umbali gani, upande upi? Hiyo ni "vague". Dawa zake nazo ni mbili tofauti. Kwa "ambiguous", chagua maana moja na uizungushie ua: "I live in Kenya commune, Lubumbashi." Kwa "vague", ongeza maelezo: "I live two streets behind Mzee market." Jina "Lubumbashi" lenyewe ni la mji, ni la komini, na ni la mto. Anayeandika "the Lubumbashi office" huku akiwa na biro mbili mjini, aongeze jina la avenyu.

Namba hazikuokoi peke yake. "05/06" kwetu na kwa Waingereza ni tarehe tano mwezi wa sita. Kwa Mmarekani ni tarehe sita mwezi wa tano. Andika jina la mwezi kwa herufi: "5 June". Neno "ton" nalo: tani yetu ni kilo 1,000, ya Kimarekani ni kilo 907, na ile ya zamani ya Uingereza ni kilo 1,016. Kwenye kamyo ya tani 30, tofauti kati ya yetu na ya Marekani ni kilo karibu 2,800. Andika "metric tonnes" au andika kilo. Na saa: mtu anayefikiri kwa Kiswahili akisema "saa mbili ya asubuhi" anamaanisha 08:00, aliyezoea Kifaransa anaweza kuelewa nyingine. Kwa Kiingereza andika "08:00" na umalize ubishi.

Mahakama za ng'ambo zimeamua kesi ambazo nazisimulia darasani kwa sababu ni za wafanyabiashara kama sisi, na kwa sababu sheria ya mikataba ya Zambia ina mizizi yake kwenye sheria ya Uingereza.

Mwaka 1864, huko Uingereza, watu wawili waliuziana pamba itakayofika kutoka Bombay kwa meli iitwayo Peerless. Kumbe meli za jina hilo zilikuwa mbili, moja iliyoondoka Bombay mwezi wa kumi na nyingine mwezi wa kumi na mbili. Mnunuzi alikuwa na moja kichwani, muuzaji nyingine. Muuzaji alishtaki kwa kuwa mnunuzi alikataa mzigo, na muuzaji akashindwa. Jina "Peerless" lilikuwa "ambiguous", ni sawa na Kenya yetu.

Mwaka 1960, mahakama ya New York chini ya jaji Henry Friendly iliulizwa swali ambalo mama yeyote wa sokoni angelielewa mara moja: kuku ni nini? Kampuni ya Uswisi ilinunua "chicken" kutoka Marekani ikitegemea kuku wachanga wa kukaanga. Ikapelekewa pia kuku wakubwa wa kuchemsha. Mnunuzi alidai neno lile linamaanisha kuku mchanga. Muuzaji akasema kuku ni kuku. Neno lilionekana kuwa na maana zote mbili, mnunuzi hakuweza kuthibitisha kwamba ilikusudiwa ile yake, akashindwa.

Ya tatu ndiyo ya "vague". Mwaka 1941, mahakama iliyokuwa ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, House of Lords, ilitazama makubaliano ya kuuziana gari la mizigo ambapo salio lingelipwa kwa miaka miwili "on hire-purchase terms", yaani kwa utaratibu wa kukodi huku unanunua. Utaratibu upi? Riba kiasi gani? Kila mwezi kiasi gani? Haikuandikwa, na taratibu za aina hiyo zilikuwa nyingi. Majaji waliona maneno yale ni "vague" mno, kiasi kwamba hakukuwa na mkataba wa kutekeleza. Zingatia hapo: aliyetegemea gari hakupata gari wala fidia. Maneno yaliyo "vague" yanaweza kukunyima haki ambayo ulidhani umeishika mkononi.

Ndugu wengine, kwa haraka

"Unclear" ni neno la jumla, linabeba wote. Ukiwa na mashaka, litumie hilo. "Obscure" ni kisichojulikana na wengi, au kilichoandikwa kwa ugumu: "an obscure rule" ni kanuni ambayo hata watu wa dwani wachache ndio wanaikumbuka, lakini ukiipata inaweza kuwa imeandikwa wazi kabisa. "Hazy" ni ya hewa yenye moshi, kama ile miezi ambayo majani yanachomwa porini kandokando ya mji, na ya kumbukumbu iliyofifia. "Cryptic" ni ujumbe wa mafumbo, aliyeuandika anajua maana na hataki wote waijue. "Faint" ni hafifu, sauti au maandishi: muhuri uliokosa wino ni "faint".

Na "approximate" lisichanganywe kamwe na "vague". "About 300 bags" ni makadirio, lina namba na kila mtu anajua linaweza kupungua au kuzidi kidogo. "Some bags" ndiyo "vague". Shofere asiyejua dakika aliyofika bariyeri aseme "around four in the afternoon". Huko ni kusema kweli.

Barua moja, tuifungue

Mama mmoja wa darasa langu, anayeuza unga soko la Mzee, aliniletea ujumbe wa aina ambayo wengi mmeipata. Nimeubadilisha kidogo:

"Dear Madam, your goods will be sent soon. Some bags may be delayed due to a small problem. The balance should be paid as agreed. We will contact you in due course."

Tulikaa na karatasi na kalamu nyekundu. Nilimwambia: Mama, usitafsiri. Pigia mstari kila mahali ambapo ungemuuliza swali kama angekuwa amesimama mbele yako.

Akapiga mstari wa kwanza chini ya "soon". Lini? Kwa muuzaji inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa juma lijalo. "Vague". Akapiga chini ya "some bags". Ngapi, na za aina gani? Yeye alikuwa ameagiza "breakfast", ule unga mweupe uliokobolewa sana, na "roller", wenye pumba zaidi, vyote kwa mifuko ya kilo 25. Wateja wa huu sio wa ule. Akapiga chini ya "a small problem", na hapo alikaza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Tatizo dogo kwa nani? Kamyo imekufa? Kibali cha kuuza nje kimekosekana? Mashine ya kusaga imesimama? Yeye aliyewaahidi watu unga ndiye atakayesema kama ni dogo.

Alipofika "as agreed" akasita. Akauliza: "Na hii, Mwalimu?" Swali zuri sana. Inategemea. Kama huko nyuma mliandikiana kwamba salio litalipwa mzigo ukishavuka mpaka, basi "as agreed" iko wazi kabisa, inakurudisha kwenye karatasi ile. Kama mlisema tu kwa simu "tutaona", ni "vague" kuliko zote. Akafungua simu, akatafuta, akakuta ujumbe wa zamani wenye masharti. Tukaiacha bila mstari.

"In due course" ndiyo ya mwisho. Maana yake ni wakati wake ukifika. Ni maneno ya heshima ya maofisini na mtu anaweza kuyaandika bila ubaya wowote, lakini ukiyakubali umekubali kungoja bila kikomo.

Kisha tukaandika jibu. Na hapa kuna jambo la adabu ambalo nalitilia mkazo: mara ya kwanza, usimwambie mtu kwamba barua yake ni "vague". Neno hilo lina lawama ndani yake. "You are vague" ni kali, ni karibu na kumwambia anakwepa. Anza na "unclear" na ujitaje wewe:

"Dear Sir, thank you for your message. I am still unclear about three points. On what date will the truck leave Kitwe? How many bags will be delayed, breakfast and roller separately? What is the problem, and when do you expect it to be solved? Kindly reply by Thursday, 16:00, so that I can inform my customers."

Tazama muundo. Kila swali linadai kitu kimoja: tarehe, idadi, sababu. Ukiuliza "Can you explain?", umeuliza swali ambalo nalo ni "vague", na utajibiwa vivyo hivyo. Na umempa siku na saa ya kujibu.

Akijibu tena juu juu, ndipo neno letu linaingia, likiwa limelainishwa: "Thank you, but your answer is still a little vague on the departure date. Could you be more specific?" Haya maneno "a little", "rather", "somewhat" yanapunguza makali. Lawama imewekwa kwenye jibu, na imetaja sehemu moja tu. "Could you be more specific?" ndiyo sentensi inayotembea pamoja na "vague" siku zote, ikariri mpaka ije yenyewe kwa simu.

Mara ya tatu una haki ya kusimama: "I cannot make any further payment on such a vague promise." Hiyo imenyooka na haina tusi. Kuna na "deliberately vague", yaani anaficha kwa makusudi. Kwa mwanasheria, sawa. Kwa muuzaji ambaye utamhitaji tena msimu wa njaa, lifungie kabatini.

Mama yule alipata namba zake. Mifuko iliyochelewa ilikuwa ya "roller" peke yake, kwa hiyo wateja wake wa "breakfast" hakuwasumbua na habari yoyote.

Maneno yasiyo na mpaka

Kuna "vague" ya aina nyingine, na haitokani na uvivu wa mwandishi. Mgiriki mmoja wa kale, Eubulides wa Miletus, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, anatajwa kuwa ndiye aliyeuliza: punje ngapi za nafaka zinafanya lundo? Ondoa moja, bado ni lundo. Ondoa nyingine, bado. Ni punje ipi ikitoka lundo linakoma kuwa lundo? Hakuna anayeweza kuionyesha. Neno "lundo" lenyewe halina mpaka.

Anayenunua nyanya kwa mafungu hapa analijua jambo hili vizuri. Fungu la leo na fungu la jana si moja, na muuzaji hajakudanganya. Kwa sababu hiyo unga unapimwa kwa meka, chombo cha kupimia: chombo kimeshaweka mpaka ambao neno haliwezi kuuweka. Kwa Kiingereza maneno ya namna hii ni "large", "heavy", "near", "late", "good quality", "reasonable". Huwezi kuyafukuza, wala si makosa kuyatumia kwenye mazungumzo. Lakini yakiingia kwenye karatasi ya fedha, yawekee meka yake. "Late" iwe "more than 48 hours after the agreed date". "Heavy" iwe kilo. Mahali pa kukabidhiana mzigo, usiandike "at the border" tu. Mpaka una pande mbili na maegesho mengi. Wafanyabiashara wa dunia walitengeneza vifupisho vya jambo hilo, Incoterms, vilivyotolewa mara ya kwanza na Chama cha Kimataifa cha Biashara mwaka 1936, na toleo linalotumika ni la 2020. Deklaran wako anavijua. Muulize, kuuliza si ujinga.

Pale inapofaa kutonyoosha

Si kila kitu kinataka tarehe na idadi. Ukiwa na msiba au mgonjwa, unaweza kumwandikia mkubwa wako wa kazi: "I need to be away on Friday for family reasons." Sababu ni "vague", na ni haki yako. Siku ya kutokuwepo ndiyo ameipata, na ndiyo anayoihitaji. Anayekuuliza zaidi ya hapo ndiye amevuka mpaka. Vilevile ukiombwa useme juu ya mtu asiyekuwepo, ni heshima kuwa "vague about" mambo yake ya nyumbani.

Jaribu mwenyewe

Chukua sentensi hizi uziwekee "vague", "ambiguous" au "blurry", kisha uziandike upya.

"The driver was asked about the missing bags but he gave only … answers." Hapa ni "vague". Maswali yaliulizwa, majibu hayakushika kitu.

"Pay on 05/06." Ni "ambiguous". Andika mwezi kwa jina, na uongeze mwaka.

"The picture of the invoice is …, please send it again." "Blurry", na mwambie aliyepiga afute lenzi ya simu.

"The maize must be of acceptable quality." Wanafunzi wengi huandika "ambiguous" hapa, wakisema kila mtu ana ubora wake. Naelewa wanakotoka, lakini maana ya sentensi ni moja tu. Kinachokosekana ni kipimo, kwa hiyo ni "vague". Ukiiandika upya, taja kiwango cha juu cha unyevu kwa asilimia, taja kiasi cha punje zilizovunjika kinachovumilika, na useme ni nani atapima, wapi, kabla au baada ya mzigo kupakiwa.